Simu Mpya au Betri Mpya? Mwongozo Kamili kwa Mtu wa Moshi

Kila Septemba Apple wanatoa iPhone mpya, mwanzoni mwa mwaka Samsung nao wanatoa Galaxy S yao, na katikati ya hapo Tecno, Infinix na Xiaomi hawapumziki. Bango jipya likishapandishwa Double Road, simu iliyo mfukoni inaanza ghafla kuonekana nzito na ya kizamani, ingawa jana ilikuwa inakutosha kabisa.

Msimamo wangu nautoa mapema. Wengi wanaouliza "ninunue simu gani?" hawahitaji kununua simu. Wanahitaji betri, au kufuta video za makundi ya WhatsApp, au tundu la chaji lisafishwe. Na wale ambao kweli wanahitaji simu nyingine, mara nyingi wanaichagua kwa kuhesabu kamera za nyuma na kusoma RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) iliyoandikwa kwenye boksi. Kitu chenye uzito kuliko vyote boksi halikitaji: ni lini kampuni itaacha kuipa simu hiyo masasisho ya usalama. Mwongozo huu unakupitisha kwenye uamuzi wote, kuanzia hapo ulipo na simu yako hadi siku unapoiuza.

Hatua ya 1: Andika kero, usiandike hamu

Chukua karatasi. Andika kila jambo ambalo simu yako inashindwa kulifanya, kwa sentensi moja moja. "Imezeeka" haihesabiki. "Saa nane mchana imeshazima." "Nikitaka kupiga picha inaniambia nafasi imejaa." "Programu ya benki inasema simu hii haikubaliki tena." Hayo ndiyo yanayoweza kupimwa.

Kisha weka alama kwenye zile zinazogusa riziki. Mama anayefanya uwakala wa pesa Mbuyuni, simu ikimzimikia saa nane, wateja wanahamia kibanda cha jirani na kamisheni inaenda nao. Bodaboda anayepokea oda kwa WhatsApp naye ni vivyo hivyo. Lakini kijana anayetaka picha za usiku za harusi zitoke safi, hiyo ni raha. Raha si dhambi, ila inaweza kusubiri mwisho wa mwezi, na pengine mwisho wa mwaka.

Kama simu ni ya mzazi wako aliyeko Machame, anayeitumia kupiga na kupokea hela tu, ishia hapa. Mnunulie kitochi kinachokaa na chaji siku kadhaa. *150*00# ya M-Pesa haihitaji bando wala simu ya kupangusa.

Hatua ya 2: Pima kabla hujailaumu

Hapa ndipo hela nyingi zinapookolewa, kwa hiyo usiharakishe.

Anza na betri. Betri za simu zetu zote ni za lithiamu, na zinachoka kwa kemia yake hata ukizitunza. Apple wenyewe wanasema betri ya iPhone 14 kurudi nyuma imetengenezwa ibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 ya chaji, na kuanzia iPhone 15 mizunguko 1,000. Mzunguko si kuchomeka mara moja. Ukitumia asilimia 60 leo na 40 kesho, huo ndio mzunguko mmoja. Mtu anayemaliza chaji nzima kila siku anafika 500 kabla ya mwaka na nusu. Kwenye iPhone, nenda Mipangilio, Betri, kisha angalia afya ya betri. Kwenye Samsung, programu ya Samsung Members ina sehemu ya uchunguzi. Simu nyingi nyingine hazikuonyeshi namba, lakini dalili zinajulikana: inaruka kutoka asilimia 30 hadi 9, inajizima ukifungua kamera, inapata moto bila sababu, au mgongo unaanza kuinuka. Huo mgongo ukiinuka, betri imevimba. Acha kuichaji siku hiyo hiyo na uipeleke kwa fundi.

Betri iliyochoka pia inapunguza kasi. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba walikuwa wanapunguza kasi ya iPhone zenye betri iliyochoka ili zisijizime ovyo. Watu wakabadilisha betri na simu zikarudi kukimbia. Kwa hiyo simu nzito si lazima iwe simu iliyopitwa na wakati.

Wale wa mlimani mna jambo lenu. Mwongoza wageni au mgumu (mbeba mizigo) anayepanda hadi kambi ya Kibo, kwenye mita 4,720, ataona simu yenye asilimia 40 ikizima ghafla usiku wa kuelekea kilele cha Uhuru, akirudi Moshi anaitangaza imekufa. Haijafa. Baridi inaifanya betri ishindwe kutoa umeme wa kutosha kwa wakati, simu inadhani chaji imeisha. Apple wanataja nyuzi joto 0 hadi 35 kuwa ndiyo hali ya kawaida ya kuitumia iPhone, na kule juu usiku ni chini ya sifuri. Iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, isiwe kwenye begi. Ukishuka ikafanya kazi kama kawaida, betri yako ni nzima, na hata ukinunua simu ya mamilioni itakufanyia vile vile.

Linalofuata ni tundu la chaji. Kuna fundi mmoja karibu na stendi ambaye nimemwona akilifanya hili zaidi ya mara moja. Anakuja dada ameshika simu na waya wake: "Fundi, haishiki chaji mpaka niukunje waya. Nafikiri sistimu chaji imekufa, bora niiuze." Fundi hajibu. Anaizima simu, anaielekeza kwenye taa, anatoa kijiti cha meno alichokichonga kikawa chembamba kama uzi, anachokonoa taratibu pembeni mwa tundu. Kinatoka kidonge cha kijivu, vumbi la Pasua na nyuzi za mfuko wa suruali, kilichosukumwa na waya miezi na miezi mpaka kikawa kigumu. Anachomeka. Waya unaingia hadi mwisho, unalia tik. "Elfu mbili, dada." Ukitaka kufanya mwenyewe nyumbani, zima simu kwanza na usitumie pini wala sindano ya chuma, pini inakwangua miguu ya ndani na hapo ndipo sistimu chaji inapokufa kweli.

Hifadhi. Simu ya GB 32 nusu yake au karibu inaliwa na mfumo wenyewe, na inayobaki inaliwa na WhatsApp. Simu iliyojaa inaganda, inakataa masasisho, inashindwa hata kufungua kamera. Ingia WhatsApp, Mipangilio, sehemu ya hifadhi na data. Utaona kila kundi limekula kiasi gani. Kundi la ukoo na la shule ya msingi huwa hayakosi juu ya orodha. Futa video, kisha zima upakuaji wa moja kwa moja wa picha na video. Lenga kuacha walau sehemu moja ya kumi ya hifadhi iwe tupu. Ikibaki nzito baada ya hapo, hifadhi vitu vyako na uirudishe kiwandani. Ukiona imekuwa nyepesi siku za kwanza na ikazidi kulemewa kila unaporudisha programu, hapo RAM ndiyo ndogo, na hilo fundi halibadilishi.

Mtandao ukisumbua, toa laini uiweke kwenye simu ya mwenzako, mkiwa mmesimama pale pale. Ikisumbua na kule pia, tatizo ni mnara au bonde unaloishi. Watu wa Marangu na Kibosho wanajua kuna nyumba ambayo laini fulani inashika barazani tu, sebuleni hakuna.

Kioo kilichopasuka ni hesabu tupu. Kanuni yangu: kama matengenezo yanazidi nusu ya bei ambayo simu hiyo ingeuzika leo, na masasisho yake yameisha, usitengeneze. Kama masasisho bado yapo, tengeneza bila kusita.

Hatua ya 3: Tafuta tarehe ya mwisho ya simu yako

Zamani simu ilikuwa inakufa kwa kuanguka. Sasa inaweza kuwa nzima kabisa mkononi na huku imeachwa. Mfumo wa simu unagunduliwa matundu kila mwezi, na watengenezaji wanayaziba kwa masasisho. Siku wakiacha kuyaziba, simu inaendelea kupiga na kupokea, ila wezi wa mtandaoni wanajua matundu yaliyobaki wazi. Kwa simu ya muziki haina neno. Kwa simu yenye programu ya benki na hela ya kikoba, ni jambo kubwa.

Kuangalia: Mipangilio, Kuhusu simu, Toleo la Android, kisha soma tarehe ya sasisho la usalama. Kama tarehe hiyo ina zaidi ya mwaka mmoja na ukibonyeza kutafuta masasisho inasema huna jipya, umeachwa.

Ahadi za makampuni zinatofautiana mno. Samsung, kuanzia Galaxy S24 ya Januari 2024, wanatoa miaka saba kwa simu zao za daraja la juu. Google walitangulia kutoa saba kwenye Pixel 8 ya Oktoba 2023. Galaxy A16, ambayo ni simu ya mwananchi wa kawaida, ina miaka sita. A15 iliyoitangulia ilipewa mitano. Apple huwa hawaahidi kwa mabango, ila historia inaonekana: iPhone XR na XS za 2018 zilipata mifumo mipya hadi iOS 18, zikaachwa nje ya iOS 26 mwezi Septemba 2025. iPhone 8 na X za 2017 ziliishia iOS 16. Kwa simu nyingi za bei ya chini ahadi ni fupi, au haipo kabisa kwenye karatasi, na kama muuzaji hawezi kukuonyesha ahadi yenyewe kwenye tovuti ya kampuni, chukulia haipo.

Na hili ndilo linalowaponza wengi: miaka inahesabiwa tangu modeli ilipozinduliwa sokoni. Siku uliyoilipia dukani haihusiki. Simu yenye ahadi ya miaka mitano, ukiinunua ikiwa boksi limefungwa lakini modeli ina miaka mitatu sokoni, umenunua miaka miwili.

Baada ya masasisho kuisha, programu nazo zinaanza kuaga. WhatsApp imeshaacha Android 4.4 na za chini yake. Mei 2025 ikataka iOS 15.1 kwenda juu, na iPhone 5s, 6 na 6 Plus zikabaki nje. Ukiwa umeachwa na hela ya kununua bado haijapatikana, ondoa programu za benki kwenye simu hiyo, tumia menyu za kubonyeza nyota na reli, na usifungue viungo unavyotumiwa. Utavuka.

Hatua ya 4: Gawa bei kwa miezi

Bei ya dukani inadanganya. Chukua bei, gawanya kwa miezi ya masasisho iliyobaki. Tuseme, kwa mfano tu, simu moja ni shilingi 350,000 na imebakiwa na miezi 24: hiyo ni kama 14,600 kwa mwezi. Nyingine ni 520,000 na ina miezi 60: ni kama 8,700 kwa mwezi. Ya ghali ndiyo ya bei nafuu. Na siku ukiiuza, ya pili bado ina wa kuinunua.

Fanya hivyo hivyo kwa kutengeneza. Betri na ufundi tuseme 45,000, na simu yako ina miezi 18 ya masasisho: ni 2,500 kwa mwezi. Hakuna simu mpya itakayoshindana na hiyo.

Ongeza vinavyokuja nyuma ya simu. Apple waliacha kuweka kichwa cha chaji kwenye boksi tangu iPhone 12 mwaka 2020, Samsung wakafuata na Galaxy S21. Ukitoka iPhone 14 kwenda 15 au zaidi, nyaya zote za zamani zinakuwa za kugawa, maana tundu limebadilika kuwa USB-C. Simu nyingi za juu hazina nafasi ya memori kadi wala tundu la spika za masikioni. Kava, protekta, na pengine bando kubwa zaidi kwa sababu kamera mpya inapiga picha nzito. Yote yaandike.

Hatua ya 5: Kama unanunua mpya

Usiangalie namba ya modeli, angalia kilichobadilika ndani. Galaxy A15 na A16 za 4G zote zinatumia chipu ile ile, Helio G99. Mwenye A15 anayehamia A16 hatapata kasi mpya. Atapata kioo kikubwa kidogo na masasisho marefu zaidi. Lakini anayetoka kwenye simu iliyoachwa, na akakuta tofauti ya bei kati ya hizo mbili ni ndogo, achukue A16 kwa sababu ya masasisho hayo hayo. iPhone 13 na 14 nazo ni ndugu: chipu ni A15 ya Apple (jina tu limefanana na Galaxy A15), sura karibu ile ile. Ushauri wangu siku zote ni modeli ya mwaka jana ya daraja la juu kidogo kuliko modeli ya mwaka huu ya daraja la chini.

Boksi likisema "RAM 16", soma maandishi madogo. Mara nyingi utakuta 8+8: nane ni RAM ya kweli, na nane ni kipande cha hifadhi kinachokopwa kufanya kazi ya RAM. Hifadhi ina mwendo wa polepole kuliko RAM, kwa hiyo nunua kwa namba ya kwanza tu. Kamera nayo ina mchezo wake. Megapikseli 50 au 108 kwa kawaida zinaunganishwa zikatoa picha ya kama 12, na zile lenzi ndogo za megapikseli 2 za nyuma zipo zaidi kujaza nafasi. Piga picha mbili dukani, moja ndani kwenye giza, moja mlangoni kwenye jua, uzikuze. Macho yako yatosha.

Hifadhi, usishuke chini ya GB 128. Laini mbili ni lazima kwa wengi wetu. 5G isikupandishe bei kama mtaani kwako haijafika; muulize jirani mwenye simu ya 5G ina alama gani akiwa nyumbani.

Kuhusu kuagiza Kariakoo ukatumiwa kwa basi: bei inaweza kushuka kweli, lakini garantii inabaki Dar. Simu ikileta shida wiki ya pili, nauli ya kuirudisha na siku za kukaa bila simu ni zako. Mangi wa dukani Moshi aliyekuzidishia kidogo unaweza kumfuata kwa miguu.

Hatua ya 6: Kama unanunua mtumba

Simu iliyotumika, hasa ya daraja la juu, inaweza kuwa ununuzi mzuri kuliko mpya ya bei hiyo hiyo. Inataka uangalifu tu, na uangalifu wenyewe hauchukui zaidi ya nusu saa. Muuzaji anayekukimbiza, mwache.

Piga *#06#. Namba za IMEI, yaani za utambulisho wa simu yenyewe, zitatokea. Zilinganishe na za kwenye boksi na za kwenye mipangilio. Kisha zitume kwa ujumbe kwenda 15090, utaratibu uliowekwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na jibu linapaswa kutaja aina ya simu uliyoishika. Ukishika Samsung na jibu likataja kitu kingine, rudisha. Juni 2016 simu feki zilizimwa nchi nzima, na watu waliokuwa wamezilipia walibaki na vioo vya kutazamia.

Kwa iPhone, ingia Kuhusu, usome namba ya modeli. Ikianza na M iliuzwa mpya, F ilikarabatiwa, N ilitolewa kuchukua nafasi ya iliyoharibika. Hapo hapo, kwenye iOS za karibuni, kuna historia ya vipuri inayosema kama betri au kioo si halisi. Mwambie muuzaji atoke kwenye akaunti yake ya iCloud mbele yako, arudishe simu kiwandani, na uiwashe upya mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ikidai barua pepe ya mtu usiyemjua, hiyo ni kipande cha kioo na chuma. Kwa Android ni hivyo hivyo na akaunti ya Google.

Uliza ilikotoka. iPhone 14 na zilizofuata zilizouzwa Marekani hazina kabisa tundu la laini, zinatumia eSIM peke yake, yaani laini iliyo ndani ya simu isiyo na kadi. Kama mtandao wako au wakala wako wa karibu hashughuliki na eSIM, umejifunga. Simu nyingi za Japani zinalia "kachaa" ukipiga picha na mara nyingi sauti hiyo haizimiki. Samsung nyingi za Korea zina nafasi ya laini moja. Na nyingine zimefungwa kwa mtandao wa kule, zinafunguliwa kwa kijichipu kinachowekwa chini ya laini. Hizo ziache, maana sasisho moja tu linaweza kukurudisha mwanzo.

Baada ya hapo, jaribu vitu vyenyewe. Weka laini yako, piga simu, sikiliza masikioni na kwa spika. Toka nje kwenye jua uone kama kioo kinasomeka. Kwa Samsung, *#0*# inafungua ukurasa wa kupima kioo kwa rangi. Tafuta madoa na mistari. Ichomeke chaji dakika kumi, uone inapanda na haiungui. Alama ya kidole, kamera zote, vitufe, Wi-Fi.

Dai risiti ya EFD yenye IMEI juu yake. Simu ya kijiweni isiyo na risiti ikiwa imeibwa, polisi wanaifuata kwa IMEI, na wanamkuta aliye nayo, ambaye ni wewe.

Hatua ya 7: Kama unanunua kwa mkopo

Simu za kulipa kidogo kidogo zimewasaidia wengi, na sizikatai. Ila jumlisha kabla ya kusaini. Mfano: kianzio 100,000, kisha 1,500 kwa siku kwa mwaka mzima. Siku 365 mara 1,500 ni 547,500; ukiongeza kianzio ni 647,500. Kama simu hiyo kwa taslimu ni 420,000, umelipia 227,500 kwa ajili ya kutosubiri. Bodaboda ambaye simu inamletea oda anaweza kuona inalipa. Anayetaka kubadilisha kwa sababu rafiki amebadilisha, kibubu au kikoba kinamfaa zaidi.

Uliza matatu na ujibiwe kwa maandishi. Nikimaliza mapema napunguziwa? Simu ikiibwa deni linaendelea? Nikichelewa siku ngapi inajifunga? Hizi simu zinafungwa kwa mbali usipolipa, na ikijifunga, namba za wateja wako zinafungwa nazo.

Hatua ya 8: Hamia taratibu

Fanya jioni, penye Wi-Fi, simu zote mbili zikiwa na chaji. Siku ya soko usihamie.

Hela ya kwenye M-Pesa, Airtel Money, Mixx au HaloPesa inafuata laini, haifuati simu, kwa hiyo kuhamisha laini kunatosha. Programu ya benki ni tofauti: nyingi zinafungwa na kifaa, na utalazimika kuisajili upya, wakati mwingine kwa kufika tawini. Namba za watu zilizohifadhiwa kwenye laini zihamishie kwenye akaunti ya Google. WhatsApp kutoka Android kwenda Android inahamishwa kwa msimbo wa kuskani, simu zikiwa karibu. Kutoka Android kwenda iPhone, tumia programu ya Apple ya kuhamia iOS wakati iPhone bado haijawekwa mipangilio yake. Ukitegemea nakala ya Google Drive, kumbuka kuwa nafasi ya bure ni GB 15 na siku hizi nakala za WhatsApp zinahesabiwa humo.

Kijana wa dukani akisema "nikuhamishie mama, dakika mbili tu," mshukuru. Akiomba namba ya siri ya chochote, chukua simu zako zote mbili. Na ya zamani usiifute wiki ya kwanza. Ndipo unapogundua picha za cheti au sauti ya marehemu bibi hazikuhama.

Hatua ya 9: Iondoe ya zamani

Maduka mengi yanapokea simu ya zamani ukaongeza hela. Ni haraka, ila bei wanayokupa huwa chini ya ile utakayopata kwa kuuza mwenyewe. Pata bei za maduka mawili matatu kabla ya kukubali. Kama imeachwa na masasisho, usimpe mtoto wa shule kama simu yake ya hela. Mpe ya masomo na muziki, bila laini yenye akiba.

Kabla haijatoka mkononi, toka kwenye akaunti ya Google au iCloud kwanza, kisha ndipo uirudishe kiwandani. Ukigeuza mpangilio huo, mnunuzi anaweza kukwama kwenye kioo cha kuingiza barua pepe yako, na atakupigia usiku. Toa laini na memori kadi. Betri iliyovimba usiichome, usiitoboe, usiitupe kwenye taka, mwachie fundi.

Ukiuza kwa mtu, andikianeni karatasi: modeli, IMEI zote mbili, tarehe, bei, majina, namba ya NIDA ya mnunuzi na sahihi. Piga picha karatasi hiyo uihifadhi kwenye simu mpya. Kisha piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako, na kama kuna usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika ukaifunge.